Skrini ya kijani, Zegereni

Twalibu, shika simu. Nimeumbuka mwanangu.

Si unaijua ile programu yangu ya SNMP, inayouliza mashine joto la chumba cha baridi kila dakika? Kiwanda cha kuku hapa Zegereni, skrini ilikuwa kijani tupu, yaani baridi iko sawa. Bosi wao, Madam Elinipa, akaniita, akafungua mlango. Harufu! Kuku wote wameoza.

Hakufoka. Aliniuliza tu, "Kijana, hiki kijani chako kinaona nini?"

Kinaona nini! Nikaingia humohumo kukagua nyaya.

Kumbe kipimajoto kilikufa tangu Ijumaa, na mtambo wa baridi nao. Unakumbuka wateja walivyolalamika kengele inalia kila umeme ukichezacheza? Nikaiagiza programu: usipojibiwa, rudia namba ya mwisho. Basi imerudia. Imerudia tu, inatudanganya kwa amri yangu mwenyewe.

Sasa sikia kinachoniua. Programu hiyohiyo niliifunga kwenye zahanati moja kule Kisarawe, kwenye friji ya chanjo za watoto.

Nimeiangalia sasa hivi. Kijani. Nyuzi nne, tangu juzi hazijapanda wala kushuka hata kidogo.

Na leo ni siku ya kliniki. Nawapigia, hawapokei.