Hanafin Wanne

Boston, 9 Machi 2019

Kwako Baba mdogo Muiris,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na ile nyonga inakuacha ulale. Sisi huku hatujambo. Dermot anakusalimu, ila mgongo bado unamsumbua.

Tangu tumzike Baba, neno lako halinitoki: "Jeneza la Hanafin hubebwa na Hanafin wanne. Mimi nitabebwa na nani?" Basi nimelishika. Kuna mpango wa kuwapima vinasaba watu wa jina moja, ijulikane nani na nani wana babu mmoja. Kipimo chenyewe hufuata upande wa wanaume, baba hadi mwana, kwa hiyo mimi sifai. Dermot kaka yangu ameshapimwa. Nawe nakutumia kisanduku kwa posta. Unasugua pamba ndani ya shavu, unairudisha, basi. Tukiwapata wenzetu popote walipo, siku ikifika tutawaita.

Usinikatalie.

Mwanao,
Noreen


Coomavarra, 20 Machi 2019

Noreen mwanangu,

Salamu zako nimezisoma mara mbili, chai ikapoa. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Nyonga imegoma. Hospitali ya Tralee wameniandika kwenye orodha ya upasuaji, nami nangoja zamu. Mvua ipo, kondoo wapo.

Hicho kisanduku kikifika nitakitia motoni. Najua mimi ni nani. Sisi ni Hanafin wa mlimani. Wale wa kijitoni jina waliliokota tu wakati wa njaa kuu, baba yangu alisema hivyo, na huu mwaka wa hamsini mimi na yule Muiris wao, wajina wangu, tunakaa benchi moja kanisani bila kusalimiana. Ana wana watatu wenye mabega kama milango. Wanibebe wale? Afadhali niende makaburini kwa miguu yangu.

Lakini nakuficha nini. Usiku mwingine nawahesabu Hanafin wa mlimani, na sivuki wawili.

Baba mdogo wako,
Muiris


Boston, 14 Juni 2019

Baba mdogo mpendwa,

Hujambo? Nyonga je? Huku joto limeanza, na sote tu wazima.

Umenifurahisha sana. Maneno mengi ya moto, kumbe pamba umesugua na ukairudisha kimya kimya. Majibu yametoka, na yameniacha njia panda. Wewe na Dermot mmetoka kwa babu mmoja, hilo halina shaka. Ila mtu na mtoto wa kaka yake hulingana karibu kila alama ya vinasaba, na ninyi mmepishana alama tatu. Wanakadiria kuwa babu yenu yuko vizazi sita nyuma.

Naona haya kuuliza, lakini nauliza. Kuna jambo lolote kuhusu Bibi ambalo sijaambiwa?

Mwanao,
Noreen


Coomavarra, 27 Juni 2019

Noreen,

Mimi mzima, na Bibi yako mwache apumzike, hana kosa. Sijasugua kitu mimi.

Nilimngoja binti mpya wa posta pale getini. "Si nilikuletea, mzee?" akasema. "Muiris Hanafin, Coomavarra. Nyumba ya pale kijitoni."

Nikashika fimbo nikateremka. Miaka hamsini, mwanangu, sijabisha mlango ule. Akafungua mwenyewe.

"Ulipokea kisanduku cha pamba?"

"Nilidhani ni watu wa afya. Kila mwaka hututumia kipimo cha choo. Nikasema, mwaka huu angalau wameanzia juu."

Nikamwambia majibu, kwamba mlimani na kijitoni tuna babu mmoja. Akasema, "Baba yangu alituambia ninyi wa mlimani ndio mliookota jina."

Tulicheka hadi mkewe akatoka kuona kuna nini. Nikapewa chai na mkate wa zabibu. Nimerudi na furaha, na aibu pia, maana nyumba ile iko karibu mno. La kubebwa sikumgusia. Mtu haombi jambo kama hilo kwa kikombe kimoja cha chai.

Baba mdogo wako,
Muiris


Hospitali, Tralee, 21 Novemba 2019

Noreen mwanangu,

Usishtuke kuona anwani. Mimi mzima, na nyonga ni mpya.

Waliniita niende Jumanne. Jumatatu mvua ikaizoa njia ya mlimani, gari halipandi, na ukikosa siku yako unarudi mwisho wa orodha. Nilikuwa nimekaa jikoni na koti langu, nimekata tamaa, mara Muiris akaingia na wanawe watatu. Wameng'oa mlango wa banda la ng'ombe.

"Lala hapo," akasema.

"Sijafa bado."

"Ndiyo uzuri wake. Leo utatusikia tukilalamika."

Wakanitia mabegani. Vijana ni warefu, baba yao mfupi, kwa hiyo niliteremka nimeinamia upande mmoja. Kijito tulikivuka maji yakiwafika magotini. Majirani walitoka milangoni wakafanya ishara ya msalaba, nikawapungia mkono. Mama mmoja alilazimika kukaa chini.

Nililia kidogo, Noreen. Nilisema ni mvua. Wanne wapo, acha kutafuta.

Pale barabarani Muiris alinishusha, akajishika kiuno. "Punguza viazi," akasema. "Safari ijayo tunataka uwe mwepesi."

Nikamwambia sina haraka.

Baba mdogo wako,
Muiris