Matanga ya Mtu Aliye Hai

Grand Prairie, Texas
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa shemeji Mokaya,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii ya binti yangu Kerubo. Mgongo wako unaendeleaje? Nyaboke aliniambia kwenye simu kwamba umerudi kuchuma majani chai mwenyewe, nami nikamwambia mume wake hatasikia la mtu mpaka alale chini asiweze kuinuka. Pumzika, shemeji. Yule ng'ombe mwenye baka jeupe amezaa? Na mvua mmepata, au mawingu yanapita tu?

Mimi namshukuru Mungu, lakini sitakudanganya. Moyo umechoka. Miguu imevimba, na nikilala ni lazima niegemee mito, la sivyo pumzi inakataa. Juzi daktari alimvuta Kerubo nje ya chumba akazungumza naye kwa sauti ya chini, kana kwamba moyo ulio mgonjwa ni wa Kerubo. Nimefundisha shule maisha yangu yote. Najua watu wazima wanavyosimama mlangoni wanapozungumzia mtoto aliyeshindwa mtihani. Sina muda mrefu, basi sioni sababu ya kuzungukazunguka.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Nina pia jambo la kukiri kwako, ambalo nimelificha. Onchari atakupigia simu kutoka Houston, kama hajakupigia tayari, akwambie kwamba mama yake amechanganyikiwa akili. Nataka uipate habari kutoka kwangu kwanza.

Huku, mwezi wa kumi unapokaribia kwisha, watu hucheza na kifo. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mtu mpole anayetuletea barua zetu zikipotelea kwake, alijaza nyasi za mbele ya nyumba makaburi ya plastiki, na mifupa mirefu ikakaa kwenye viti vyake vya bustani. Mwaka wa kwanza niliona aibu kupita hapo. Sasa nimezoea, ingawa bado sijaelewa mtu anayenunua kaburi dukani na kulirudisha stoo baada ya sikukuu.

Charlotte, binti wa Kerubo, anasoma chuo na ameingia katika kikundi kidogo cha maigizo huko Fort Worth. Msimu huu waliigiza mchezo wa kutisha, na kazi yake ilikuwa kutoa sauti: upepo, mbwa, milango inayolia. Akaniomba nikamwone. Kerubo alikuwa zamu hospitalini. Nilikubali kwa sababu ilikuwa Jumapili mchana, jua linawaka, nami sikutegemea kutishwa na mtu yeyote saa ya chakula.

Ukumbi wenyewe ulikuwa zamani duka la magodoro. Viti vilikuwa vichache, jukwaa halikuinuliwa hata kidogo, ni sakafu tu iliyotandikwa zulia. Charlotte aliniweka mstari wa mbele na kigari changu cha kutembelea kando yangu. Waigizaji walikuwa karibu hivi kwamba mmoja alipokohoa nilijifunika pua. Usidhani mimi mgeni wa mambo hayo. Unakumbuka wasichana wangu walivyoigiza kwenye mashindano ya shule, na wewe mwenyewe ulitukopesha mkuki. Igizo nalijua.

Hadithi yao ilikuwa hii. Mama mmoja amekufa. Jeneza limewekwa sebuleni, wazi. Watoto wake wanafika kutoka miji mbalimbali, na badala ya kukaa naye wanamwogopa. Mmoja anasema ameona kidole kinatikisika. Mwingine anasema mama hakuwapenda, sasa atarudi kulipiza. Wanapiga kelele, wanasukumana, watu kwenye viti wanacheka. Mwishowe watoto wote wanakimbilia nje na kuufunga mlango kwa ufunguo.

Maiti ikabaki peke yake, na taa moja juu yake.

Shemeji, kila mtu pale alikuwa anangoja maiti inyanyuke. Mimi nilikuwa nangoja watu warudi. Upepo wa Charlotte ulivuma, mbwa wakalia, na hakuna aliyerudi. Nilianza kuwakasirikia wale watoto kama wanafunzi wangu mwenyewe. Kisha nikamkasirikia aliyeandika, maana aliona hilo ndilo jambo la kutisha kuliko yote, mama aliyekufa. Lakini cha kutisha kilikuwa ule mlango! Katika nyumba zetu, tangu mwili unapoingia uani mpaka unapotoka, umewahi kuona uko bila mtu? Mama yenu alipolala pale sebuleni, tulikaa naye wanawake kwa zamu, hata tulipotaka kunywa chai mmoja alibaki. Mume wangu Elkana vilevile. Wewe ulikaa kichwani pake na hukuondoka hata kuvaa koti.

Nikainuka. Nilijua ni mchezo. Nilijua chini ya ule unga usoni kuna msichana mzima aliyekula asubuhi. Lakini mtu amelazwa hivyo, na nyumba ni tupu, mimi nimekaa nimepakata mkoba. Miguu yangu, iliyokataa kunipeleka chooni jana yake, ilinipeleka. Nilivuta kiti kimoja cha wale watoto wapumbavu nikaketi kando ya jeneza.

Yule msichana aliniuliza kwa Kiingereza, bila kufumbua macho wala kutikisa midomo, kama niko salama. Nilimjibu kwa Kiswahili bila kufikiri. "Lala, mama. Hatuendi popote."

Akalala.  Watu kwenye viti walidhani mimi ni sehemu ya hadithi. Halafu upepo ukakatika, na mbwa nao, kwa sababu Charlotte alikuwa ameiacha meza yake ya sauti. Alikuja akapita mbele ya watu wote, akavuta kiti kingine, akaketi upande wa pili wa jeneza. Mtoto huyu unamfahamu kwa simu tu. Ukimsalimu kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza. Alizaliwa hapa, hajawahi kuona matanga ya kwetu, na sikuwahi kumweleza. Aliniinamia akasema, "Nyanya, tunaimba ama tunanyamaza?"

Nikamwambia tunanyamaza kwanza. Tukanyamaza. 

Wenyewe walizima taa hatimaye, na watu wakapiga makofi. Mwenye kikundi, kijana mwenye ndevu, alinijia akinishika mikono yote miwili, akisema hajawahi kuona kitu kama kile, na je, ningeweza kurudi Ijumaa jioni, tena nivae kitambaa kilekile cha kichwani. Nilimwambia Ijumaa jioni Sabato yangu inaanza, na mimi si pambo. Nilimwambia pia awafundishe watoto wa mchezo wake adabu. Akacheka akidhani natania.

Yule msichana wa kwenye jeneza alikuja na unga wake usoni. Alinisaidia kutembea mpaka kwenye gari, akafunga mkanda wangu. Kati ya wote, yeye ndiye aliyeelewa.

Sasa sikia yaliyofuata. Watu wa kanisani walipata habari, maana picha ilishapita kwenye simu. Mzee wa kanisa, Bwana Kigen, alikuja na wenzake kuniombea, kwamba nimeshiriki karamu ya shetani. Nilimuuliza kama kanisa letu halifundishi kwamba wafu wamelala tu. Akasema ndivyo. Nikamuuliza basi kuketi na mtu aliyelala kuna ushetani gani, hasa yule aliyekuwa analala kwa kulipwa. Mama Véronique, yule Mkongomani wa Fort Worth niliyekutajia, alikuwa jikoni anakaanga ndizi, akacheka mpaka mwiko ukamwanguka. "Mama Moraa sasa ni vedette, nyota wa jukwaa," akasema. "Kesho atatukatalia salamu." Kisha akamgeukia mzee akamwambia, bila kucheka, kwamba hata kwao maiti haibaki peke yake, na kama yeye Kigen ana namna nyingine afungue mlango atuoneshe. Waliomba sala fupi wakaondoka.

Hilo lingeniishia kwa kicheko. Lakini jioni ile ya Jumapili ya mchezo, tukiwa bado kwenye gari, nilikuwa nimemwambia Charlotte jambo, na nilipofika nyumbani nikalirudia kwa Kerubo, na kwa Onchari kwenye simu. Niliwaambia nikifa wanizike hapa.

Kerubo alinitazama kana kwamba nimetukana. Onchari akasema mama, umechoka. Kesho yake Kerubo akanipa simu nitazame picha za mtoto wa Onchari, na ujumbe ukapita juu ya zile picha kutoka kundi linaloitwa Safari ya Mama. Wamefungua kundi la kusafirisha mwili wangu, shemeji, na mimi niko chumba cha pili nakunywa uji. Humo wanajadili ndege gani inachukua jeneza, hema lipigwe upande gani wa ua, nani atapiga video. Mtu mmoja ameshauri wimbo. Nimewazaa, nimewafundisha kusoma, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mwenye mwili anasemaje.

Nilipolalamika, nikapelekwa kupimwa akili. Ushahidi wao ni kwamba niliingia jukwaani kuketi na maiti ya mchezo. Daktari kijana akaniambia nichore saa. Nikamchorea, nikamwekea na mshale wa sekunde. Akaniambia nitaje wanyama, nikataja mpaka akasema inatosha. Akaandika kwamba akili yangu ni nzima. Kerubo alitazama karatasi ile kama mzazi ambaye mtoto amefaulu somo lisilotakiwa. Naye Onchari, aliyeendesha gari kutoka Houston kuja kusikia matokeo, akasema vipimo havioni kila kitu. "Mama, wewe mwenyewe ndiye ulitufundisha mtu anazikwa kwao," akaniambia. Nikamjibu kwamba nilimfundisha pia kusikiliza.

Hapa ndipo penye kukiri. Wazo hili halikuzaliwa Fort Worth. Ninalo tangu mwaka juzi, na kila uliponiambia kwenye simu kwamba umepalilia ile nafasi yangu ya kuzikwa upande wa kushoto wa nyumba, nilikuwa nakushukuru. Nilikushukuru kwa kitu nilichokwisha kukikataa moyoni. Nisamehe. Niliogopa utadhani namkataa kaka yako.

Simkatai. Elkana alikuwa mume mwema, na alipata watu wake wa kukaa naye, mimi nikiwa mmoja wao. Mimi nikija, nitakuja vipi? Nitalala kwenye friji ya watu nisiowajua mpaka mipango yao ikamilike. Nitapanda ndege chini, pamoja na masanduku, na hakuna zamu ya wanawake huko chini. Kerubo anayeniosha miguu kila asubuhi hawezi kuja, maana karatasi zake hazijakamilika na akitoka hataruhusiwa kurudi. Nyumba yangu imefungwa. Nitafika nilazwe chini ya hema mbele ya watu wazuri ambao wengi wao wamekuja kuona jeneza la Marekani. Wewe utakaa nami, najua. Lakini mgongo wako, Mokaya. Na binti yangu atakuwa huku nje ya mlango uliofungwa, akitazama kwenye simu.

Siogopi kufa. Tangu siku ile, kila nikiamka usiku nasikia Charlotte ananiuliza kama tunaimba. Huyo atakaa. Hakufundishwa, na alikaa. Kaburi lililo karibu naye ndilo kwetu, na kama mila inakataa, basi naomba unitetee mbele ya mila, kwa sababu wewe ndiye mkubwa aliyebaki, na Onchari hatabisha neno lako. Mwambie umepokea barua yangu, ameiandika mama yake kwa mkono wake, na akili yake unaijua.

Ile nafasi ipande migomba. Usiiache wazi, watu watauliza.

Nisalimie Nyaboke, na watoto wa Nyaboke wote, na mama Bosibori wa ng'ambo ya mto kama bado anasikia. Mwambie mwalimu mkuu wa sasa kwamba vitabu vyangu vilivyo kwenye sanduku la bati ni vya shule, avichukue kabla mchwa hawajavisoma. Kerubo anawasalimu, ingawa bado amenuna. Mungu aufunike ua wako kwa amani, ayape majani yako mvua ya kiasi, na akupe wazee wenzako wa kuongea nao mpaka siku yako.

Siku moja watakupigia simu kukwambia nimekwenda. Usiwaulize ndege inafika lini. Waulize ni nani aliyeketi nami.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Moraa