Yai Moja ya Mama

Jumapili, 1/6/2003

Nimesugua karai mara mbili na mafuta bado inateleza. Anko amekula mayai tatu tena. Ya kukaanga, mafuta mingi mpaka inarukia ukuta. Amepangusa sahani na chapati, halafu akageukia Mama, kama kila Jumapili tangu mwezi wa nne.

"Mulamwa, wewe kaa mbali na hii kitu. Hii ni kolestro tupu."

Mulamwa ni shemeji, kwa lugha yetu. Kolestro sijui kama inaandikwa hivyo. Nilitoka shule darasa la tano, Baba alipokufa. Naandika vile nasikia.

Kuku ni zangu. Za gredi, zile za kisasa, ziko nyuma ya nyumba. Banda nimejenga mwenyewe na mabati ya zamani. Mama anazilisha asubuhi, mimi jioni nikitoka kazi ya mjengo. Ploti ni ya Anko, ndugu mdogo wa Baba. Yeye ni karani wa ofisi huko Kajiado. Kila Jumapili baada ya kanisa anakuja hapa Kitengela kula.

Nimekasirika. Nimemuuliza kama ataongeza chai.

Jumanne, 3/6/2003

Asubuhi Mama amechemsha yai moja akaiweka kwa sahani yangu. Hiyo ilikuwa yake. Kila siku yai moja, chumvi kidogo, chai. Leo ndio amemtii Anko, amenisukumia sahani akaangalia mlango.

Huko kwetu wanawake hawakuwa wanakula mayai. Kuku pia hapana. Mama akiwa msichana aliambiwa, ukikula yai hutazaa, na ukizaa mtoto atakuwa bubu. Mayai ilikuwa ya wazee na ya wageni.

Alionja mara ya kwanza hapa Kitengela, kuku zilipoanza kutaga. Moja ilipasuka, akaipika isiende bure. Alikula akiwa amesimama nyuma ya mlango kama mwizi. Mama mtu mzima. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wanjala, kumbe hii ndio wazee walikuwa wanatuficha?"

Leo nimekula hiyo yai yake. Haikuwa na utamu.

Ijumaa, 6/6/2003

Nimepata dawa ndani ya mkebe ya majani. Nilikuwa natafuta majani ya chai. Karatasi ya dawa imekunjwa vizuri, tembe zimejaa.

Mwezi wa nne Mama alishikwa na kizunguzungu kanisani. Wiki hiyo watu walikuja sokoni na hema, wanapima bure. Wakamfunga mkono na ile mashine. Wakasema presha iko juu, aende kituo cha afya. Akaenda, akapewa dawa. Kila siku tembe moja, arudi baada ya mwezi. Hakurudi.

"Mama, hii si ile dawa?"

"Ndio hiyo."

"Si ulisema unakunywa?"

"Anko wako alisema nikiacha mayai presha itashuka yenyewe. Dawa inazoesha mwili. Ukianza ni mpaka kaburini."

Akaongeza pole pole, "Yeye amesoma, Wanjala."

Hiyo imeniuma. Mimi sijasoma. Kwa hivyo nifanye nini? Nimerudisha dawa kwa mkebe na nikaenda kwa kuku. Nimepiga mlango ya banda teke. Kuku zote zimeruka. Kuku hazijanikosea.

Jumapili, 8/6/2003

Anko amekuja na mtu wa ofisi yao. Mtu mzuri, mkimya. Mama amekaanga mayai, amepika sukuma wiki na nyama ya mafuta. Yeye mwenyewe amekula ugali na sukuma, amekaa kwa stuli karibu na jiko.

Anko alikuwa na maneno.

"Muone huyu Wanjala. Kuku ndio wanajua sauti yake. Sisi watu anatuangalia tu, kama askari wa benki. Siku ataoa itabidi kuku waende kuposa."

Wakacheka. Mimi pia nikacheka, mjinga mimi.

Halafu akaanza kolestro. Ati ya kienyeji haina. Ati ya kienyeji ni dawa, lakini hii ya gredi ni kemikali, inaziba mishipa. Yule mgeni akamuuliza, "Sasa mbona wewe unazimaliza hizi za gredi?"

"Mimi ni mwanaume. Natembea. Kwa mwanaume inachomeka. Mwanamke anakaa tu nyumbani, inaganda."

Mama ameamka saa kumi na moja leo. Amebeba maji mitungi sita kutoka kwa mfereji. Amelisha kuku, amefagia banda, amefua, ameenda kanisa na miguu, amerudi amepika. Anko ametoka kwa gari akaingia kwa kiti.

Nimetoka nje na karai. Nimeisugua mpaka wameenda. Anko ameenda na treyi mzima ya mayai, ati ya kupelekea bibi yake. Hiyo kemikali.

Namchukia. Nimeandika. Nisifute.

Jumatano, 11/6/2003

Nimefikiria nikichanganya simiti. Kwanza ilikuwa mila. Sasa ni kolestro. Jina imebadilika. Anayekatazwa ni yule yule na anayekula ni yule yule.

Jioni nimepeleka mayai kwa Mama Naserian, jirani wetu. Yeye hutupatia maziwa, sisi tunampa mayai.

"Supa, Wanjala."

"Ipa," nimejibu salamu yake ya Kimaasai.

"Mama yako ako wapi? Siku hizi anatembea kama mtu anaogopa chini."

Mimi sipendi kuongea na watu, lakini kwake si kazi kubwa kwa sababu yeye huongea maneno yake na yako pia. Nimemwambia yote. Amecheka, halafu akaacha kucheka.

"Sisi Wamaasai hiyo kitu hatukuwa tunakula. Baba yangu mpaka leo anasema ni mambo ya ndege, waachiwe ndege. Watoto wangu ndio wamenifunza. Lakini shemeji kumchungulia mama ya watu kwa sahani? Na hiyo tumbo yake kama ako karibu kuzaa?"

Halafu akaniambia yeye pia ako na presha. Sikujua. Akiacha dawa wiki moja kichwa inalia kama kengele ya ng'ombe. Akasema mpeleke hospitali Kajiado, usingoje.

Nimesema ndio. Kesho tunamwaga slab ya zege, fundi hatanipa ruhusa. Nitaenda wiki ijayo.

Jumamosi, 14/6/2003

Mama ameanguka kwa mfereji.

Wanawake wawili ndio wamemleta. Mtungi umepasuka. Anasema ni jua. Mwezi wa sita. Hakuna jua wiki mzima.

Mkono wa kushoto anasikia kama umelala. Jioni umeamka. Nimemwambia akunywe dawa. Amesema tungoje kesho Anko aseme.

Ni mimi. Nilingoja slab.

Jumapili, 15/6/2003

Naandika kabla nilale.

Anko alipata habari kanisani. Ameingia, hata pole hajasema vizuri.

"Mulamwa, umekula yai."

"Sijakula."

"Umekula. Ungekuwa umeacha, ungeangukaje?"

Akatoka nje. Akachukua fimbo akaenda kwa shimo ya takataka, akaanza kuchokora jivu. Mwanaume na suti ya kanisa. Akapata maganda. Akaleta kwa mkono akaweka kwa meza, mbele ya Mama.

"Na hii ni ya nani?"

Mama akaanza kulia. Si kwa sauti. Machozi tu, na anapangusa na leso, na anasema "Sijakula, shemeji, Mungu ni shahidi," kama mtoto ameshikwa akiiba sukari. Mama yangu.

Halafu Anko akakaa, akavuta sahani yake. Mayai tatu zilikuwa hapo tayari. Mama alikuwa amemkaangia hata na huo mkono.

Nikasimama. Nikachukua sahani mbele yake. Alikuwa ameshika uma. Nikasema, "Maganda ni yako. Ya Jumapili iliyopita."

Nikabeba sahani nje nikamwagia mbwa wa jirani.

Nikirudi alikuwa amesimama. Nilidhani atanipiga. Hakunipiga. Akasema na sauti ya chini, hiyo ndio mbaya. Ati nimemtoa chakula mdomoni kwa ploti yake. Ati Jumapili ijayo asubuhi anakuja na gari, anamchukua Mama amrudishe nyumbani Webuye akapumzike mbali na mayai. Na kuku akute zimeenda.

Nyumbani kwetu mpaka hospitali ni kutembea nusu siku. Nani atampima huko?

Mama ameniambia niombe msamaha. Nimemwambia hapana. Sijawahi kumwambia Mama hapana.

Jumanne, 17/6/2003

Leo sijaenda kazi. Fundi aandike chochote.

Tumefika Kajiado mapema. Tumezunguka nyuma ya soko tusipite mbele ya ofisi ya Anko. Mama alijifunika na leso kichwa mpaka pua. Sisi wawili tunajificha kama tumeiba, na tunaenda kutafuta dawa.

Daktari ni msichana, labda rika yangu. Amepima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akarudia wa kulia. Uso yake ikabadilika. Akauliza dawa. Mama akaangalia sakafu. Nikaangalia sakafu pia. Halafu nikaona tukiangalia sakafu wote hakuna mtu atasema.

"Aliacha."

"Nani alimwambia aache?"

"Anko."

"Anko ni daktari?"

"Ni karani."

Hajacheka. Nikamwambia mambo ya mayai na kolestro, yote, nikigugumia. Akaniuliza, "Hiyo cholesterol alipimwa wapi?"

"Kwa hema. Walimfunga mkono."

"Hiyo ni presha. Cholesterol inapimwa kwa damu, wanatoa na sindano. Alitolewa damu?"

Mama akatikisa kichwa.

Hakuna mtu amempima. Miezi miwili Mama anakatazwa, anachokorewa takataka, analia mbele ya maganda, na hiyo kitu hakuna mtu ameiona. Ilitoka kwa mdomo ya Anko ikaingia kwa sahani ya Mama.

Daktari amemwambia Mama mwenyewe, si mimi. Akamwita mama. "Mama, yai moja kwa siku, ya kuchemsha, mimi sina shida nayo. Damu tutapima ukirudi, na nikiona kitu nitakuambia. Shida yangu ni chumvi, na hiyo mafuta ya kuganda mnakaangia. Na kubwa ni dawa. Kila siku, hata ukisikia uko sawa. Ulikuwa karibu kupooza." Arudi baada ya wiki moja. Mahali pa mbali asiende sasa.

Tukitoka Mama amekaa kwa benchi ya nje muda mrefu. Nilidhani ni kizunguzungu.

"Yeye pia ni mwanamke," amesema. "Na amesoma."

Alhamisi, 19/6/2003

Dawa siku ya tatu. Namwangalia akimeza. Ananiambia ninaangalia kama askari wa benki. Amecheka.

Yai bado hajagusa. Anasema tungoje.

Ijumaa, 20/6/2003

Nimefanya mazoezi mbele ya kuku. Nimesimama kwa mlango ya banda nikasema kwa sauti. Mama haendi. Kuku haziendi. Hiyo kolestro hakuna mtu alimpima. Mara ya kwanza nimekwama kwa ya pili. Mara ya nne nimemaliza.

Anko akitufukuza kwa ploti, Mama Naserian ameshasema kuna chumba kwake ya mbuzi inaweza safishwa. Nimemwambia Mama. Amesema amelala mahali pabaya kuliko hapo.

Bado nimekasirika. Lakini sasa hasira inajua inaenda wapi.

Jumapili, 22/6/2003

Baridi. Ukungu imefunika mpaka sioni banda, nasikia tu kuku.

Mama amekunywa dawa. Halafu akachemsha mayai mbili bila kuniuliza. Moja yangu, moja yake. Ameketi kwa meza, kwa kiti ile Anko hukaa. Ameifungua pole pole, anaweka maganda kwa sahani, hapo mbele, wazi. Hajaweka chumvi. Anasema bila chumvi inakaa ajabu, lakini ni yai.

Mlango iko wazi. Hajaangalia mlango.

Anko alisema saa tatu. Gari haiwezi kufika hapa na hii matope, ataiacha kwa geti ya Mama Naserian, atembee. Nikimngoja ndani ataketi, Mama atasimama amtengenezee chai, na mimi mdomo itajifunga. Najijua. Hapo nje tutakuwa wawili tu, tumesimama, na matope kwa viatu.

Nasikia gari kwa mbali. Lazima niende sasa, nimpate barabarani kabla afike kwa mlango. Mama bado anakula.