Kisima cha Marehemu Mamake Mavyaa

Kibokoni, Mombasa

Mamangu mpenzi,

Salamu zikufikie kabla ya habari, na nakuombea kikohozi kiwe kimekuacha. Baba mguu wake waendeleaje? Sisi tu wazima sasa. Nasema sasa, kwani siku zilizopita sikuwa na la kukuandikia.

Mwanangu Zuhura aliharisha, mama, hata macho yakaingia ndani, akawa afungua mdomo kulia na sauti haitoki. Daktari aliuliza twanywa maji gani. Nikamwambia ya kisima cha uani. Akasema tusiyanywe tena.

Kisima chenyewe kilichimbwa na marehemu mamake mavyaa, akakitoa sadaka mtaa mzima uteke. Baadaye jirani akachimba choo nyuma ya ukuta. Nilipomweleza mavyaa, alinitazama. "Wataka nimkatie mamangu thawabu kaburini?"

Nilinyamaza, kama ulivyonifunza, nikawa nachemsha maji ya mtoto. Lakini siku moja nikiwa jikoni, mavyaa akampa mtoto kikombe cha maji ya kisima, kwa mapenzi yake tu. Zuhura akaharisha tena. Hapo kunyamaza kukanishinda. Nikavaa buibui, nikaenda kwa Maalim, imamu wa msikiti wetu.

Alikuja alasiri. Hakuhubiri. Alihesabu hatua kutoka kisimani hadi ukuta wa choo: sita. Akateka maji, akampa mavyaa kata.

"Bi Rukia, nusa."

"Ndiyo harufu yake, Maalim. Ni mawe hayo, ya kale."

"Nusa tena. Utatia udhu kwa maji haya?"

Mavyaa akakaa kitako pale pale chini. "Na swala zangu zote?"

"Ulikuwa hujui. Sasa wajua."

"Na mamangu?"

"Mamako alitoa maji, hakutoa shimo. Weka mfereji wa maji ya bomba mahali pake, thawabu zitamfikia vile vile."

Ijumaa akawaambia wanaume wapime hatua kutoka vyoo vyao hadi visimani, waanze na chake. Kilipopimwa, kikaonekana ki karibu na kisima cha msikiti kuliko vyote. Mkewe hata leo yuwacheka. Maalim alikihamisha chake kwanza, na jirani yetu akafuata bila ugomvi.

Sasa kisima kimefunikwa. Mavyaa huketi kando ya mfereji, na kila anayeteka humwambia amuombee mamake. Zuhura amerudi kunona.

Mama, nilikuahidi kumleta Zuhura siku ya Idi. Nimeukumbuka ua wetu wa huko, kisima, mpapai, choo, nikahesabu hatua kichwani. Hazifiki sita. Usinione nimekuwa mtu wa mjini. Nilikaribia kumzika mtoto, na sitamleta mpaka choo kihame. Najua baba alikichimba kwa mikono yake. Akikasirika, mwite ami, yeye ni mwalimu wa chuo cha Kurani na baba humsikiliza, aje anuse mbele yake.

Nisalimie dada na wanawe, na mama mdogo aliyenishika mkono nikijifungua. Mwambie Zuhura wake yu hai.

Ukinijibu, niandikie ni hatua ngapi.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha