Nusu ya Kwanza ya Yatima

Jumatatu, 2 Juni 1997
Vitabu vya fasihi vimekuja. Havitoshi! Mwalimu Wathome akatoa wembe, akavikata vyote katikati — wawili wawili, mtabadilishana Ijumaa. Mimi nusu ya kwanza, Rehana ninayekaa naye dawati moja, ya pili. Hadithi ya Waingereza wa zamani, lakini huyu msichana yatima! Wanamfungia chumbani na bado hanyamazi. Nimempenda kabisa. Ni wangu.

Jumatano, 4 Juni
Wakati wa chai nilimwambia Rehana: mwandishi alikuwa mwanamke, akajificha na jina la mwanaume. Hiyo iko kwa utangulizi, yaani kwa nusu yangu. Basi mchana akasimama darasani akasema yote, na ile sauti yake ya Pwani. Mwalimu akapiga makofi! Ati ndiye ataenda Masii wiki ijayo kuongea juu ya kitabu mbele ya shule zingine. Mimi niliyempa, hata jina sikutajwa. Tenda wema uende zako, wanasema. Mimi siendi popote. Roho inaniuma mpaka kula githeri kumenishinda.

Ijumaa, 6 Juni
Rehana alinipa nusu yake, ameivalisha gazeti vizuri. Nikamwambia yangu imepotea. Hakugombana hata! Ati pole Nthambi, tutaitafuta. Afadhali angenitukana. Iko chini ya godoro. Aende aongee mwisho bila mwanzo, tuone.

Jumamosi, 7 Juni
Nimemaliza. Nimelia, aki. Niko na kitabu kizima na hakuna mtu wa kuongea naye. Mwenye angeelewa ni yule yule! Shenzi.

Jumapili, 8 Juni
Rehana amekuja! Na mahamri za mamake. Nimekimbilia chumbani, nimesema natafuta viatu. Nawasikia sebuleni. Anamwambia Mama kitabu kikikosa si neno, mimi Nthambi nitamsimulia utoto wa yatima kwa mdomo, maana darasa lote hakuna anayemjua kama mimi. Na ameshaomba Mwalimu twende Masii wote wawili. Woi! Wote wawili!

Lakini Mama na kitabu cha shule, hana mchezo! Anauliza nyumba ya vyumba viwili kitapotelea wapi. Ameinuka. Ati wataanza na godoro.

Nimelikalia. Bangili za Rehana nazo zinakuja nyuma yake. Mlango huu hauna komeo —