Kompyuta Uliyoambiwa Uingoje

Hayward, California
Jumapili, 18 Septemba 1983

Kwa baba yangu mpendwa,

Kwanza naomba baraka zako, kama ulivyotuzoesha tangu utotoni. Hujambo wewe? Goti la mama linaendeleaje, na yule ng'ombe mkaidi amezaa salama? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii, na sababu utaijua kabla hujafika mwisho wa barua.

Uliniuliza mambo mawili: kama kazi yangu bado ipo, na kwa nini binamu Américo, mwenye duka la kompyuta kule Modesto, tangu Machi anakataa kukuuzia kompyuta ya kiwanda chetu ya kuwekea kumbukumbu za ng'ombe. Kila ukienda anakwambia ungoje tu. Nitakujibu yote mawili, lakini niache nianzie mwanzo.

Kompyuta yetu, Whitcomb ya Kwanza, ikifungwa ni kama cherehani ndani ya sanduku lake, na kioo chake hakizidi kadi ya posta. Bwana Whitcomb, mwenye kampuni, huapa kwamba mtu yeyote anaweza kuibeba. Kwa hiyo kiwandani tuna desturi: kila mashine ya mia hupewa mfanyakazi mfupi kuliko wote, aipandishe ngazi hadi ghorofani na kuirudisha, kisha iwashwe. Ikiwaka, zote mia hupakiwa. Mfupi huyo ni mimi. Remedios, Mfilipino ninayekaa naye benchi moja, huniita punda wa kampuni, na nikishuka nahema hunipigia makofi.

Huko ghorofani kulikuwa na mlango uliofungwa daima. Unanijua, baba, ni mimi niliyeifungua redio yako ili nimwone anayeimba. Kila nikipanda natega sikio, nachungulia tundu la ufunguo, nauliza kila mtu. Remedios akachoka nami: "We Odília, ipo siku mlango utakubana hiyo pua!"

Machi, nikiwa nimeitua mashine pale nipumzike, mlango ukafunguka. Alikuwa Vern Takeda, mhandisi, mtu mpole sana. Aliponiona ninavyotweta akanikaribisha ndani nikae. Ndipo nikaiona mezani: kompyuta nyembamba, nyepesi, yenye kioo kikubwa kama kitabu, maandishi yanasomeka kutoka mlangoni. Nikamwuliza inakula umeme kiasi gani, kumbukumbu zinakaa wapi, kwa nini haina joto. Akacheka: "Dada, wewe unauliza kuliko mabosi wangu!" Akaniruhusu niandike jina langu ndani yake. Nilifurahi kama mtoto. Akaniomba jambo moja tu, nisimwambie mtu, maana ilikuwa bado mwaka mzima iwe tayari, na maduka yakisikia yataacha kununua ile inayotulisha sote.

Mei oda zikaanza kupungua. Juni maduka yakawa yanapiga simu kuulizia kompyuta ya kioo kikubwa. Bwana Whitcomb akatukusanya kantini, akasema siri imevuja, na kwa kuwa mwenye ufunguo alikuwa Vern peke yake, akamfukuza mbele yetu. Vern alinitazama mara moja, akatoka. Tangu siku ile hakuna kampuni inayomtaka. Anatengeneza televisheni kwa mjomba wake San Leandro. Agosti wakampunguza kazini Remedios. Ijumaa iliyopita kiwanda kikafungwa. Basi jibu la kwanza ndilo hilo, kazi haipo.

La pili ni gumu. Aliyevujisha ni mimi, baba. Siku ile ile ya Machi nilipotoka kazini nilimpigia simu Américo, nikamwambia asikuuzie ile ya zamani, macho yako yatateseka na kioo kile. Akungojeshe mpaka ije mpya. Akaniapia atanyamaza. Lakini alikuwa na marafiki wenye maduka, naye hakutaka wajaze ghala kwa mashine ya zamani, akawadokeza. Sikukusudia mabaya. Ila kule kantini nilikuwa na mdomo, na sikuufungua. Naona aibu hata kuandika.

Kesho asubuhi nitamwendea Bwana Whitcomb, bado yuko ofisini anakusanya makaratasi yake, nimwambie ukweli na nimwombe aandike barua ya kumsafisha Vern. Nikitoka hapo nitakwenda San Leandro. Huko ndiko ninakoogopa zaidi.

Msalimie mama, mbusu mikono. Américo usimgombeze, makosa ni yangu. Jumatano pokea sanduku zito kituo cha basi. Ni Whitcomb ya Kwanza niliyoipandisha ngazi mara ya mwisho, zilizobaki walitugawia. Itumie, baba, vaa miwani yako. Ile niliyotaka uingoje ilitengenezwa moja tu, na humo ndani mna jina langu.

Ni mimi binti yako, ninayengoja kusikia kama baraka zako bado zipo,

Odília