Kwa Nini Mkono wa Mbuke Uliungua

Geita,
9 Oktoba 1951

Mpendwa kaka Alois,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Tangu uliposema hewa ya Dar es Salaam inakukaba nimekuwa na wasiwasi. Wifi na watoto nao hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mume wangu Mihayo bado yuko mgodini, upande wa kuoshea mawe, na Euphrasia ameota meno mawili ya chini. Mvua bado, jua ni kali mno.

Najua mama ameshakuandikia kutoka Ushirombo kwamba dawa uliyonitumia imemchuna mtu ngozi. Ni kweli mtu ameungua. Lakini mama hakuwapo, mimi nilikuwapo, basi soma na yangu.

Ule mkebe wa kostiki, yale magadi makali ya kiwandani kwenu, ulifika salama. Nilifuata maelezo yako: mafuta ya ng'ombe, nta, maji, na ile kostiki kidogo sana ili mafuta na maji vikubaliane. Kaka, yalitoka meupe na laini, hayanati mkononi. Mihayo alijipaka wiki mbili na ile mipasuko yake ya vidole ikafunga. Wenzake wakaanza kuyaomba.

Jumamosi moja niliyeyusha kostiki katika kikombe cha bati, nikakiweka mezani kipoe. Mbuzi wakaingia kwenye mihogo yangu, nikatoka kuwafukuza. Sikukifunika kikombe, wala sikumwambia mtu. Nyuma yangu akaingia jirani yangu Mbuke, mama Makoye, ametoka kukandika ukuta, mikono imejaa udongo. Akaona maji mezani, akajimiminia mkononi na kusugua. Anasema mwanzo yaliteleza tu kama sabuni.

Nilimsikia akipiga kelele, "Mayo! Mama yangu! Naungua!" Nikarudi mbio. Wanawake walikuwa wameshajaa mlangoni, mmoja akitaka apakwe samli, mwingine ameshika ndimu. Nikakumbuka ulivyoandika: maji tu, tena mengi. Nikammiminia debe zima, na la pili, naye analia na kunitukana. Kisha nikampeleka zahanati.

Dresa wetu wa kufunga vidonda, Athanas, aliutazama mkono akasema, "Hayo maji ndiyo yaliyouokoa." Hata hivyo ngozi ya juu ya kiganja ilitoka, na siku kumi Mbuke hakuweza kushika mwiko.

Habari zikaenea kwamba mafuta yangu yanachuna watu. Wenzake Mihayo wakayatupa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Mbuke alikuwa akinipita kisimani bila salamu, na ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua Euphrasia.

Nilikwenda kwake nikamwambia, "Mama Makoye, kosa ni langu. Niliacha sumu mezani kama maji ya kunywa." Nikamwomba jambo moja tu, twende pamoja kwa Athanas. Akajifunga kitenge tukaenda.

Athanas ana vikaratasi vyekundu vinavyogeuka buluu vikiguswa na kitu chenye ukali wa magadi. Alichovya kimoja katika maji ya kostiki, kikawa buluu papo hapo. Akagusisha kingine kwenye mafuta aliyokuwa akipaka Mihayo, kikabaki karibu kilivyokuwa.

Mbuke akauliza, "Na yale makali yamekwenda wapi?"

"Yamekwisha kwenye mafuta," Athanas akasema. "Yakiwa peke yake yanakula ngozi. Yakitiwa kidogo na kupikwa vizuri, yanakula mafuta kwanza, na hakuna yanayobaki kukudhuru. Yakizidi, yanabaki."

Basi nikatoa na mkebe wa pili wa mafuta, yaliyopikwa siku niliyopima kwa haraka. Karatasi ikawa buluu! Nikaona haya mbele ya wote wawili. Nimeyafukia yale mafuta yote. Kumbe walionilalamikia kuwashwa hawakuwa waongo, nami niliwaambia ni vumbi la mawe.

Kwa hiyo, kaka, kijiko hakitoshi. Nitafutie mizani ndogo kama zile za wauza dawa, na vikaratasi kama utavipata. Sipiki tena kwa kukisia, na hakuna mkebe utakaotoka kabla haujapimwa.

Usimkasirikie mama. Aliogopa tu, na mwambie kwamba mkono umepona. Limebaki baka jeupe.

Juzi niliwasha jiko upya, kwa mizani ya kuazima kutoka zahanati. Mbuke alikuja bila kuitwa, akasimama kando ya meza. Mwanamke mmoja alipoingia akitaka kuchota kikombeni, Mbuke alimwonyesha mkono wake. "Simama hapo hapo. Hayo si maji." Tulipomaliza alifungia kostiki sandukuni, akaufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge chake, akaondoka nao kwake. Sijamwomba anirudishie.

Mihayo anakusalimu sana. Nisalimie wifi Paskalia, na binamu Donatus ukimwona. Mungu akulinde, hasa hapo kiwandani penye moshi wa hayo makali, na akupe pumzi njema.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,
Theopista